Robo Saa ya Adabu

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya mkahawa wa Sylvette, juu kabisa ya ngazi za Croix-Rousse, pale ambapo kila anayepanda kutoka mjini Lyon hufika akihema. Benchi ni la manispaa, kahawa ni ya Sylvette, na maneno ni yetu wenyewe, maana ndiyo mali pekee tunayoimiliki katika mji huu. Hukaa hapo wageni waliokuja kufanya kazi za maana wakaishia kufanya kazi moja tu, kutafuta nyumba. Yupo Desmond wa Leeds, tunayemwita Profesa kwa kuwa anafafanua sheria ambazo hajazisoma. Yupo Marijke, Mholanzi, jina lake la kijiweni ni Mama Mdhamini. Yupo Everaldo wa Recife, yeye ni Balozi, kwa sababu kila akikwama hutishia kwenda ubalozini, na ubalozi wenyewe uko Paris. Mimi ni mtu wa Halifax, mwaka wa tisa hapa, na chumba changu kina bafu jikoni. Unaweza kukaanga yai huku unaoga. Nimeshafanya hivyo, na yai lilikuwa zuri.

Wa mwisho kujiunga ni Fintan, Mwailandi mpole anayepima maji ya mito kwenye maabara. Tulimbatiza jina la Jumamosi, na sababu ni hii. Mkewe Ciara na binti yao Nuala walikuwa wanafika Jumamosi kwa treni, na yeye alikuwa ameshawaambia kwamba nyumba ipo. Nyumba haikuwepo. Kilichokuwepo ni kochi la mwenzake wa kazini, na mwenzake alikuwa ameanza kuvuta pumzi ndefu kila akimkuta amelala. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi.

Alikuja amenyoa, amevaa koti alilooa nalo, akaagiza kahawa ya watu wote. Hilo la kahawa likumbukeni.

Balozi: Kaka, umependeza mpaka unatia shaka. Unakwenda kupanga au kuposa?

Fintan: Nakwenda kuona nyumba. Pale namba tisa, kwa Bi Perrachon. Kaniambia saa kumi na moja.

Namba tisa inatazamana na benchi letu. Hata jiwe ukilitupa bila nia litafika. Ghorofa ya pili kuna dirisha dogo lenye mbao za kijani.

Mama Mdhamini: Dalali nani?

Fintan: Hakuna dalali. Kabandika tangazo kwenye kioo cha duka la mkate, kwa mwandiko wake. Nilimpigia jana. Tuliongea vizuri tu, nikamweleza kuhusu Nuala.

Asiyewahi kupanga hapa hawezi kujua uzito wa neno lile, hakuna dalali. Dalali anataka mshahara wako uwe kodi mara tatu. Anataka mdhamini, tena Mfaransa, tena anayelipwa kuliko wewe. Anataka uthibitisho wa mahali unapoishi sasa, kana kwamba mwenye mahali pa kuishi angekuwa amesimama mbele yake. Benki nayo haikufungulii akaunti bila anwani, na mwenye nyumba hakupi anwani bila akaunti ya benki, kwa hiyo unabaki katikati unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mama Mdhamini aliwahi kumwomba daktari wake wa meno amdhamini, mashine ikiwa bado mdomoni. Daktari alidhani analalamika maumivu, na hakukosea sana.

Basi Fintan alikuwa amepata zali. Ungedhani tungemwambia neno moja tu: panda. Lakini kijiweni mtu hapewi neno moja.

Profesa: Umesema saa kumi na moja.

Fintan: Ndiyo, mzee.

Profesa: Basi hupandi saa kumi na moja. Mdogo wangu, ukialikwa nyumbani kwa Mfaransa, unamwachia robo saa. Inaitwa robo saa ya adabu. Ukifika kwa dakika uliyopewa umemvamia.

Fintan: Hiyo si ya chakula cha jioni?

Profesa: Nyumba ni nini, kama si chakula cha jioni cha mwaka mzima?

Hapa Fintan aliguswa mahali pabovu. Mwezi wake wa kwanza alialikwa kwa bosi wake, akafika kwa dakika, akafunguliwa mlango na mke wa bosi akiwa na taulo kichwani na mwiko mkononi. Jioni ile nzima yule mama hakumwangalia usoni. Tangu siku hiyo Profesa, ambaye ndiye aliyemfafanulia kosa lake, amekuwa nabii wake. Ukimpatia mtu jambo moja la kweli, atakubebea kumi ya uongo bila kuuliza.

Profesa: Haraka haraka haina baraka. Na mwenda pole hajikwai.

Balozi: Lakini mzee, kuna ile ya chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Profesa: Hiyo ndiyo inanibeba mimi. Ukichelewa, mtoto anayelia si wako. Wenye watoto wao watapanda kwanza, watalia na bibi, bibi atachoka. Wewe unaingia umetulia, mwana si wako, kichwa kimepoa.

Nilitaka kusema kwamba sivyo ninavyoielewa methali hiyo. Ila Sylvette alikuwa ndiyo kwanza ameleta kahawa, na ilikuwa ya moto.

Kengele ya kanisa ikalia saa kumi na moja. Fintan akanyanyuka nusu. Profesa akamshika koti, akamrudisha chini kwa upole wa muuguzi. Pale juu mbao za kijani zikafunguliwa, akatokeza bibi mmoja wa nywele nyeupe na shali ya zambarau. Akaangalia barabara kushoto, akaangalia kulia.

Profesa: Mnaona? Anapitisha hewa. Hajawa tayari huyo. Ungemkuta na taulo.

Fintan alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeokolewa, akakaa.

Balozi aliona Profesa anakula peke yake, akaingia uwanjani.

Balozi: Mimi nawaambia kitu na msikicheke. Lyon nzima kuna nyumba moja tu ya kupanga.

Mama Mdhamini: Umeanza.

Balozi: Dada, nisikilize. Nimeona nyumba arobaini. Zote zina sinki moja lenye ufa pembeni. Zote zina mlango wa choo unaogonga magoti. Kwa nini? Ni ileile. Wanaibandika namba nyingine, wanahamisha ngazi. Na wale watu thelathini unaokutana nao kwenye ngazi wakisubiri kuona, wanalipwa. Mimi kuna mzee mmoja mwenye mwavuli nimekutana naye mara tano.

Mama Mdhamini: Labda naye anatafuta nyumba.

Balozi: Mwaka wa tatu? Mtu mwenye mwavuli mzuri vile? Acha kuzingua. Nitakwenda ubalozini.

Tukacheka, Fintan naye. Simu yake ikalia mlio mdogo, akaitazama, akaacha kucheka. Alinionyesha kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu. Ilikuwa picha ya kitambaa chenye mbweha wadogo, bibi yake Nuala amekishona kiwe pazia. Chini yake mtoto ameandika anataka kujua dirisha lake lina upana gani, bibi apate kukunja pindo.

Nikamuuliza dirisha gani. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba jana, baada ya kuongea na Bi Perrachon, alikaa hapahapa kwenye benchi akapiga picha lile dirisha la kijani, akamtumia mwanawe. Hakusema ni lake. Hakusema si lake pia. Nuala sasa anaamka nalo na kulala nalo.

Nikamwambia, basi kaka, si upande ukalipime. Nakumbuka nililisema. Nililisema mara moja, tena kwa sauti ya mtu anayeomba sukari, na Profesa alilifunika papo hapo.

Profesa: Mtu mzima hababaishwi na pazia. Subira huvuta heri.

Na tuseme ukweli uliopo, hata kama unanuka. Fintan alikuwa ndiye analipa kahawa wiki nzima. Tena mtu akipata nyumba, kijiwe kinampoteza. Wapo waliopata, tumewaona wakipita upande ule mwingine wa barabara na mifuko ya sokoni, wanatupungia mkono kama watu waliomo ndani ya treni. Hatuwaombei mabaya. Lakini hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsukuma Fintan apande zile ngazi.

Bibi wa shali ya zambarau akatokeza tena. Safari hii aliegemea kabisa, akakodoa macho hadi mwisho wa barabara. Macho yake yakapita juu ya benchi letu bila kusimama, kama unavyoangalia ndoo za taka.

Fintan: Naona kama anatafuta mtu.

Mama Mdhamini: Anaangalia viatu. Wenye nyumba wanaangalia viatu kwa mbali, hilo linajulikana. Ficha miguu.

Fintan akavuta miguu chini ya benchi. Mtaalamu wa mito na maji, mwenye shahada mbili, anaficha viatu kama mtoto aliyekanyaga matope. Mimi nami, sijui kwa nini, nikavuta vyangu.

Hapo ndipo alipokuja yule dada. Alikuwa anasukuma baiskeli, kofia ya plastiki kichwani, jasho la kilima usoni. Alitusalimu kwanza, wote, kama inavyotakiwa hapa kabla ya neno lolote, kisha akauliza mlango wa namba tisa ni upi. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza kama chetu. Jina lake Ileana, ametoka Romania, anafanya kazi kwa daktari wa mifugo.

Mama Mdhamini: Unakwenda kuona nyumba?

Ileana: Ndiyo. Bibi kaniambia saa kumi na moja na robo.

Profesa aligeuka akatutazama mmoja mmoja, na uso wake uliwaka kama aliyeona mwezi wa sikukuu.

Profesa: Mmesikia? Na robo. Huyu ametoka Romania jana, na tayari anaijua robo saa ya adabu.

Ileana alimtazama bila kuelewa, akasema asante, akaegesha baiskeli yake ukutani. Fintan alikuwa ameshasimama.

Fintan: Nakwenda naye. Imeshafika robo.

Mama Mdhamini: Hapana. Msipande pamoja. Wageni wawili mlangoni kwa mpigo, bibi ataona genge. Mwache aingie, wewe ufuate. Tena huwezi kwenda mikono mitupu hivyo.

Fintan: Nimebeba hati zangu zote.

Mama Mdhamini: Hati kila mtu anazo. Wewe nenda pale dukani, nunua mkate mrefu, uweke kwapani. Na ncha uwe umeing'ata.

Fintan: Niing'ate?

Mama Mdhamini: Mfaransa gani anafika nyumbani na mkate mzima? Wote wanakula ncha njiani. Ukimfikia bibi na mkate ambao haujaliwa ncha, anajua wewe ni mpita njia. Mkate ukiwa umeng'atwa, roho yake inamwambia huyu ni mtu wa hapa. Mimi nikiwa na mkate ule, singehitaji mdhamini.

Huyu Mama Mdhamini, niseme, anaishi kwenye boti bovu mtoni, na mkate ule anao kila siku. Lakini alilisema kwa imani kubwa hata mimi niliona mantiki yake kwa muda mfupi. Mfa maji haachi kutapatapa, na Fintan alikuwa nchi kavu kabisa, ngazi ziko mbele yake, akaamua kutapatapa. Akavuka barabara mbio kwenda dukani.

Kwenye duka la mkate kulikuwa na foleni, kama kawaida ya saa zile watu wanapotoka kazini. Tulimwona kupitia kioo, kile kioo chenye tangazo la Bi Perrachon, amesimama nyuma ya mama mmoja aliyekuwa anachagua keki moja baada ya nyingine na kuiuliza kila moja habari zake. Balozi akaanza kueleza kwamba hata mama yule analipwa. Profesa akasema mambo yanakwenda vizuri, kadiri muda unavyopita adabu inaongezeka. Nilipomuuliza kama adabu haina mwisho, akasema mwisho wake ni kengele. Nikamuuliza kengele ipi. Akanywa kahawa.

Bibi hakutokeza tena dirishani. Ila tuliona kivuli cha kofia ya plastiki kinapita ndani, kisha mkono ukafungua mbao za kijani mpaka mwisho, ule mkono wa mtu anayejaribu kitu kuona kama kitamfaa.

Fintan akarudi na mkate kwapani, koti la harusi limeingia unga.

Mama Mdhamini: Ng'ata.

Fintan: Ninavyopanda ngazi.

Mama Mdhamini: Hapahapa, nione. Watu wengi wanang'ata kwa woga, inaonekana. Ng'ata kama mwenye nyumba.

Akang'ata. Mkate wa pale una ganda gumu, unataka meno na muda. Aling'ata kipande kikubwa kwa sababu Fintan ni mtu wa kufuata maelekezo, akaanza kutafuna, akageukia namba tisa, na mlango wa namba tisa ukafunguka kabla hajaufikia.

Ileana alitoka akitabasamu peke yake. Alichukua baiskeli yake ukutani, akavuka kutufuata, akatushukuru kwa kumwonyesha mlango. Tukamuuliza vipi. Akasema wameshapeana mkono, ufunguo anakabidhiwa kesho asubuhi. Alisema hivyo huku amejishika kifua, na sitamnyima furaha yake. Alikuwa analala kwenye chumba cha nyuma cha hospitali ya wanyama, na kasuku mmoja mgonjwa humwamsha kila alfajiri kwa matusi.

Profesa: Hongera, binti. Robo saa.

Ileana: Robo saa gani? Bibi alitupangia kila mtu zamu yake. Ya saa kumi na moja haikuwa yangu, ilikuwa ya mtu mwingine, na huyo ndiye aliyekuwa amemchagua. Mimi aliniita akiba tu, kama huyo hatakuja.

Ileana akaendelea, kwa moyo mweupe tu, anatueleza sisi kama majirani zake wapya.

Ileana: Kaandaa vikombe viwili na keki ya karanga za sukari. Kamngojea mpaka kahawa ikapoa. Hakuja. Basi nimeinywa mimi, baridi hivyohivyo. Na kile chumba kidogo cha dirisha la kijani, kasema alikifagia leo asubuhi kwa ajili ya mtoto wa huyo mtu. Mimi sina mtoto. Nitaweka baiskeli.

Simu ya Fintan, aliyoiacha alipokimbilia dukani, ilikuwa bado imelala kwenye benchi kati yangu na Balozi. Ikawaka. Mbweha wadogo wakatokea tena, na maneno mapya chini yao. Niliigeuza ikatazama mbao.

Profesa alichungulia kikombe chake, kikavu. Changu nacho kilikuwa kikavu. Mama Mdhamini alianza kupangusa makombo ambayo hayakuwa yameangukia nguo yake. Sylvette alikuja na trei yake, akaona nyuso zetu, akakusanya vikombe bila kuuliza kama tunaongeza. Balozi hakutaja ubalozi.

Ileana akatuangalia mmoja mmoja. Alifika kwa Fintan, akaona koti la harusi, mkate kwapani, shavu limejaa. Sidhani alielewa. Alikuwa na furaha mno kuelewa.

Ileana: Bibi kanisikitikia sana juu ya mtu yule. Anasema kila akichungulia dirishani haoni mtu anayekuja, anawaona ninyi tu. Na ninyi mlikuwa hapa muda wote. Hamkumwona?

Fintan alikuwa amelikazia macho dirisha la kijani, na bado anatafuna.